Wakimbizi Wayahudi waliolima upande wa Nakuru: tuwaunganishe vipi wajukuu wao na wenyeji wa sasa?

Binti_Kibokoni:

Salaam aleikum wanajukwaa. Kuna familia tatu, mbili ziko Israeli na moja Uingereza, ambazo wazee wao walikuwa Wayahudi wa Ujerumani. Walishuka hapa Kilindini kati ya 1938 na 1939, wakapanda treni kwenda bara, wakafanya kazi ya shamba upande wa Nakuru hadi baada ya vita. Wajukuu wanataka kuja, waanzie Mombasa, kisha waende bara hadi huko huko mashambani. Hawaji kutalii tu. Wanataka kumbukumbu ibaki: maonyesho madogo ya picha kwenye shule ya kijijini, na bamba la maandishi.

Walicho nacho ni picha zisizo na maelezo, tikiti ya meli, daftari moja la hesabu, na barua zenye nambari ya sanduku la posta. Jina la shamba hawalijui. Naomba msaada: shamba linatafutwaje, wakaazi wa sasa waendewe kwa njia gani, na makaburi yashughulikiwe vipi. Jambo lisilofaa kufanywa nalo mnitajie wazi.

Mzee_wa_Mafaili:

Waleikum salaam dada. La kwanza: usianze kulitafuta jina la familia kwenye hatimiliki. Wakimbizi wengi wa miaka ile hawakumiliki ardhi. Waliajiriwa kuwa mameneja au wasaidizi kwenye mashamba ya walowezi wengine, na walihamahama. Mtu anaweza kukaa Rongai mwaka mmoja, mwaka wa pili yuko Ol Joro Orok. Ukipekua masjala ya ardhi kwa jina la mkimbizi utatoka mikono mitupu, na familia itadhani kumbukumbu zimechomwa. Unalolitafuta ni jina la mwajiri.

Waombe wajukuu wakutumie kila karatasi, si zile tu wanazoziona wao kuwa za maana. Nyuma ya bahasha, risiti za krimu na maziwa, karatasi za Septemba 1939. Vita vilipozuka, serikali ya kikoloni iliwazuilia wanaume wenye pasi za Ujerumani kama raia wa nchi adui, na Wayahudi waliomkimbia Hitler walikumbwa pia. Karatasi za kipindi hicho ni za kusomwa mstari kwa mstari, maana mara nyingi jina la mwajiri au la kituo cha reli limo.

Halafu ingia kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Lilianza kuchapwa hapa hapa Mombasa tarehe 1 Novemba 1899, na matoleo ya zamani yamewekwa kwenye Google Books, unayasoma bure. Tafuta matangazo ya uraia, ya mirathi na ya leseni. Tatizo lake ni kwamba kompyuta iliyosoma kurasa hizo inaboronga majina ya Kijerumani. Jina lenye ö litafute kwa o, kwa oe, na hata kwa c, maana herufi iliyofifia husomwa hivyo. Ukikwama, tafuta ile nambari ya sanduku la posta. Sanduku mara nyingi lilikuwa la shamba zima, na huko ndiko jina la mwajiri linapojitokeza.

Ukishampata mwajiri, omba nambari ya L.R. (Land Reference, nambari ya usajili wa kipande cha ardhi) ya shamba lake. Mashamba ya walowezi yalipimwa na kupewa nambari hizo, na Idara ya Upimaji kule Ruaraka, Nairobi, ina ramani zake. Baada ya uhuru mashamba mengi ya Nakuru yalinunuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi, mengine yakawa skimu za makazi, yakakatwa vipande vidogo. Nambari ya zamani ikafungwa, kila kipande kikapata yake mpya. Kwa hiyo unafuata mnyororo: L.R. ya zamani, ramani ya ugawaji, nambari za sasa. Masjala ya ardhi hutafuta kwa nambari ya kipande. Jina tupu halitakufikisha mbali.

Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, pale Moi Avenue Nairobi, ina ripoti za kila mwaka za wilaya, na wana ofisi Mombasa na Nakuru pia. Anza na ya Mombasa uulize utaratibu kabla ya kupoteza nauli. Kwa upande wa London, barua kati ya koloni na wizara ya makoloni ziko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza kule Kew, katika mfululizo wa mafaili uitwao CO 533.

Tahadhari moja. Ukitaja Wayahudi na mashamba ya Kenya, watu watakurukia na habari za Uasin Gishu. Hilo ni jambo jingine. Mwaka 1903 Uingereza ilijitolea kuwapa Wazayuni eneo kwenye uwanda ule, na mkutano wao wa sita mjini Basel ukapiga kura 295 kwa 178 kwamba tume iende ikaangalie. Tume ya watu watatu ilifika mapema 1905, ripoti yake ikawavunja moyo, na mkutano wa saba mwaka huo huo ukalikataa pendekezo. Walowezi wachache Wayahudi walikuja wenyewe miaka hiyo, na jamaa ya Nairobi iliweka jiwe la msingi la sinagogi yake ya kwanza 1912. Hawa wa 1938 ni wimbi jipya kabisa, waliokuja kuokoa roho zao. Kwenye maonyesho yenu msichanganye hadithi hizi mbili kwenye ubao mmoja.

Mama_Rongai:

Mzee hapo juu amesema kweli tupu, lakini dada, kazi ya karatasi ni nusu tu, tena nusu nyepesi.

Shamba likishajulikana, usiwapeleke wageni moja kwa moja. Gari lenye wazungu likisimama karibu na jengo la zamani, wapige picha, waulize mpaka ulikuwa wapi, jioni hiyo hiyo kijiji kizima kitajua kwamba wenye shamba wamerudi kulidai. Watu wale wameona kufukuzwa na nyumba kuchomwa. Wazazi wao walichanga shilingi kwa shilingi kununua hisa. Hofu yao ina sababu, na mtu aliyeingiwa na hofu hakupi kumbukumbu.

Safari ya kwanza uende wewe, bila wajukuu. Mwone chifu au naibu wake, kisha mzee wa kijiji, na uombe dakika kumi kwenye baraza. Pale barazani ulizungumzie suala la ardhi kabla hujaulizwa. Beba nakala ya kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010: asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa kukodi, na kodi hiyo haizidi miaka 99. Wengi wa wazee wa familia hizo walikuwa waajiriwa, hawakuwa na shamba la kudai. Waombe wajukuu waandike barua ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, iliyosainiwa, isemayo hawadai ardhi wala fidia. Iachwe kwa chifu na nyingine shuleni. Ukiisoma mbele ya watu utaona nyuso zinavyolegea.

Sasa mahojiano. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1947 alizaliwa 1937, kwa hiyo walioona kwa macho wamebaki wachache mno. Anza nao mwezi huu. Baada yao watafute watoto wa mpishi, wa yaya, wa dereva wa trekta, wa mkamuaji. Waliofanya kazi ndani ya nyumba walijua mengi kuliko waliokuwa kwenye pareto.

Usiulize, "Mnawakumbuka Wayahudi?" Wazee wengi watasema hapana, kwa ukweli kabisa. Kwao alikuwa mzungu, au Mjerumani, na mara nyingi alikuwa na jina la utani walilompa wafanyakazi kwa mwendo wake au hasira zake. Jina hilo la utani ni dhahabu, liandike kama linavyotamkwa. Tena kuna mchanganyiko mwingine: wakati wa vita Rongai palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland, na Makindu, na hata Nyali hapo kwenu. Wengi wao walikuwa Wakatoliki. Mateka wa Kiitaliano nao walikuwapo Bonde la Ufa. Mzee akisema "Mpoland" usimkatize wala usiandike haraka kwamba huyo ndiye.

Uliza kupitia vitu. Nani alikuwa meneja josho lilipojengwa? Bwawa lilichimbwa na nani? Siku ya mapumziko ilikuwa ipi, na nyumba kubwa walikula nini, hawakula nini? Acha jibu lije lenyewe. Ukimtajia kwamba Wayahudi hawali nguruwe, kila atakayefuata atakuambia mzungu wake hakula nguruwe. Miaka ipimwe kwa matukio: nzige, vita vya Hitler, hali ya hatari ya 1952, uhuru, au rika la tohara la msemaji.

Mbinu iliyo bora kuliko zote ni kutembea na picha. Chapisha kila picha ukubwa wa A4, uivike plastiki, nakala mbili. Simama na mzee mahali anapodhani ilipigwa, linganisha mstari wa milima nyuma yake. Nyumba hubomolewa na miti hukatwa, ila ukingo wa Menengai haujasogea. Ukiona safu ya jakaranda inayoishia pasipo kitu, au msingi wa mawe wa tangi la maji, hapo palikuwa na nyumba. Piga picha mpya kutoka pale pale, kwa urefu ule ule wa kamera. Kwenye maonyesho hizo mbili zikiwa bega kwa bega zinaongea kuliko maelezo ya kurasa tatu.

Kurekodi: simu inatosha ukiiweka katika hali ya ndege, faili ya WAV ya 48 kHz, uiweke karibu na mdomo wa mzee, mbali na kinu cha posho. Usirekodi chini ya bati siku ya mvua. Mwache azungumze lugha yake, Kikuyu au Kikalenjin, tafsiri itafanywa baadaye. Mkalimani asiwe mtu wa familia inayogombania kiti cha siasa wala mwenye kesi ya mpaka. Ridhaa ichukuliwe kwa sauti mwanzoni mwa rekodi na kwa maandishi, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu na ninyi. Wape wote chai, chakula na nauli, kiasi kimoja kwa kila mtu. Usilipie hadithi, maana ikishakuwa na bei itarefuka.

Halafu lile daftari la hesabu. Wajukuu wanaona namba za maziwa tu, lakini daftari la shamba huweza kuwa na majina ya wafanyakazi na tikiti zao za siku thelathini, yaani kadi za kuhesabia siku za kazi. Hiyo kwa wakaazi wa sasa ni hazina kuliko picha zote, kwa kuwa ndimo babu zao waliandikwa. Skani kila ukurasa, hata mtupu, dpi 600, uende nayo kwenye safari ya kwanza. Wewe ukija na jina la babu ya mtu mkononi, mazungumzo yanabadilika.

Binti_Kibokoni:

Shukran sana, Mama. Daftari nimeambiwa lina majina kurasa za nyuma, nitaliomba lote.

Kuna kaburi moja wanalolijua, lina jiwe lenye maandishi ya Kiebrania, limeota ukungu na limepasuka pembeni. Wameniuliza kama fundi wa hapa anaweza kulisafisha kabla hawajafika.

Fundi_Chokaa:

Dada, mwambie fundi asiguse mpaka jiwe lipigwe picha. Maandishi yakitoka hayarudi.

Piga asubuhi mapema au alasiri, jua likiwa chini. Saa sita mchana herufi hupotea kabisa. Jiwe likiwa kivulini, mtu mmoja ashike kioo cha nyumbani hatua chache pembeni, aurushe mwanga upite sambamba na uso wa jiwe. Herufi zitasimama zenyewe. Usipake chaki, unga wala majivu ili zisomeke. Chaki inabaki kwenye vinyweleo vya jiwe.

Usafi wake ni maji safi na brashi laini ya nailoni, basi. Lowesha jiwe zima kwanza, sugua kuanzia chini kwenda juu ili maji machafu yasichore michirizi kwenye sehemu kavu, suuza kila mara. Ukungu ulioingia kwenye herufi utoe kwa kijiti cha mwanzi. Jik ni marufuku: inang'arisha wiki ile, chumvi yake inabaki ndani, jiwe linaanza kumomonyoka kama sukari. Asidi ya kuondolea saruji ni mbaya zaidi kwa marumaru na mawe ya chokaa. Brashi ya waya na mashine ya kupuliza maji kwa nguvu, hapana. Ukigonga kidogo kwa kidole ukasikia mlio wa uwazi, uso umeachana na kiini, usipasugue hata kwa maji.

Ule ufa fundi atataka kuuziba kwa saruji. Mzuie. Saruji ni ngumu kuliko jiwe na haipitishi unyevu, kwa hiyo mvua ikija jiwe ndilo litakalopasuka kando ya saruji. Tumia chokaa iliyozimwa vizuri na mchanga safi uliochekechwa, moja kwa tatu, ukifunika na gunia bichi siku kadhaa isikauke upesi. Mafundi wa Mji wa Kale wanaijua kazi hii, na nauli ya mmoja wao hadi Nakuru ni ndogo kuliko kuharibu jiwe.

Kusoma: juu kabisa huwa kuna herufi mbili, פ״נ, maana yake hapa amezikwa. Chini huwa na tano, ת נ צ ב ה, dua ya kuiombea roho ya marehemu. Katikati tafuta jina likifuatwa na la baba, kwa kuwa hilo ndilo litakalounganisha kizazi kimoja na kingine hata jina la ukoo likiwa limebadilishwa. Mikono miwili iliyonyooshwa ni ishara ya ukoo wa makuhani, birika ni ya Walawi. Mwaka wa kalenda yao, ambao umepita elfu tano, huandikwa kwa herufi za Kiebrania bila ile elfu tano, na kila herufi ina thamani yake ya namba. Jumlisha thamani za herufi, ongeza 1240. Mfano תש״ה ni 400 na 300 na 5, yaani 705, basi ni 1945. Kifo kikiwa kati ya mwaka mpya wao, Septemba au Oktoba, na mwisho wa Desemba, punguza mmoja. Hapo ndipo wengi hukosea wakalaumu cheti cha kifo.

Vijiwe vidogo juu ya kaburi si takataka, wageni waliotangulia waliviweka kwa heshima. Msivifagie. Kaburi halifukuliwi wala kuhamishwa, na sisi watu wa pwani hilo halihitaji maelezo. Wasizuru Jumamosi wala sikukuu zao. Kama wanashika dini sana, wakitaka kusoma sala ya marehemu ya pamoja watahitaji wanaume kumi watu wazima, kwa hiyo wawasiliane mapema na jamaa ya sinagogi ya Nairobi. Treni ya SGR ya Ijumaa alasiri kutoka Miritini isikatwe, itawafikisha Nairobi baada ya jua kutua na Sabato imeshaingia.

Na jambo la sheria: usitegemee kwamba kaburi la miaka ya 1940 linalindwa lenyewe na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Kitu cha umri huo kinahitaji kutangazwa rasmi. Kinga yake ya leo ni jirani mwenye shamba. Mshirikisheni, aombwe ruhusa ya njia ya kupita, na uzio uwe wa miti hai, kwa kuwa waya utaondoka.

Shakombo_wa_Tudor:

Nyongeza fupi upande wa Ujerumani. Ukikuta kwenye pasi jina la pili "Israel" kwa mwanamume au "Sara" kwa mwanamke, usilitumie. Amri ya Agosti 1938 iliwalazimisha Wayahudi kuliongeza kuanzia 1 Januari 1939. Wengi waliliacha mara walipotua, na kuliandika kwenye bamba ni kuwarudishia alama waliyopachikwa na watesi wao. Ile J kubwa nyekundu iliyogongwa kwenye pasi kumtambulisha Myahudi ni ya Oktoba 1938.

Majina ya ndugu waliobaki nyuma yatafutwe kwenye Arolsen Archives, hifadhi ya Ujerumani ya nyaraka za walioteswa na Wanazi, na hifadhidata ya majina ya Yad Vashem, kituo cha kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa kilicho Yerusalemu, zote bure mtandaoni. Vyeti vya kuzaliwa viko kwenye ofisi ya usajili ya mji wa asili kuanzia 1876, vikifunguliwa kwa wote baada ya miaka 110. Wengi walitoka vijiji na miji midogo, na huko mara nyingi kuna wenyeji wanaotunza makaburi ya Wayahudi wasiobaki. Waandikieni. Picha ya nyumba ya kule ikikaa karibu na ya shamba la huku, watoto wa shule wataelewa kwa nini mtu aliyezoea duka la nguo alijikuta akipima krimu Rongai.

Kuhusu bamba. Kule Ulaya wana vile vijiwe vya shaba vya kuwakumbuka walioteswa na Wanazi, vya sentimita 10 kwa 10 vinavyozikwa barabarani mbele ya nyumba, vilivyoanzishwa na msanii Gunter Demnig. Vizuri, ila hapa shaba itafika kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla ya mwezi kwisha. Tumieni jiwe, herufi zichimbwe zisipakwe rangi, liwekwe ukutani ndani ya uwanja wa shule.

Mama_Rongai:

Naunga mkono ukuta wa shule. Maneno sasa. Msiandike "Shamba la familia fulani". Neno hilo moja litaibatilisha barua yote iliyoachwa kwa chifu. Andikeni kwamba mahali hapa walifanya kazi fulani na fulani, wakimbizi kutoka mji fulani, mwaka hadi mwaka, pamoja na, halafu majina ya wafanyakazi yaliyothibitishwa kutoka daftarini na kwa watoto wao. Majina ya pande zote yawe na ukubwa mmoja wa herufi. Mkiacha ya wafanyakazi, bamba litakuwa la wageni na halitakuwa na mlinzi.

Na mstari wa kwanza kabisa uwe wa Wamaasai, waliohamishwa kutoka Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904. Wapo watakaokuambia hilo litaleta siasa. Kuliacha ndiko kutakakoleta siasa, kwa sababu kila mtu pale analijua.

Fundi_Chokaa:

Kwa mchongaji: maandishi ya Kiebrania yanasomwa kulia kwenda kushoto, na programu nyingi za kompyuta za wachongaji huyageuza bila kuonya. Yakigeuka, asiyeijua lugha hatagundua. Mpelekee picha badala ya maandishi ya kunakili, achapishe karatasi ya ukubwa kamili, uwatumie wajukuu wasome herufi moja moja na kurudisha ikiwa na saini. Orodha ya wafanyakazi ifanyiwe vivyo hivyo na watoto wao, maana majina ya daftari yaliandikwa kwa sikio la Mjerumani: utakuta "Kamao" badala ya Kamau, "Shepkoech" badala ya Chepkoech. Jiwe lisianze kuchongwa kabla karatasi zote mbili hazijarudi.